Mti Usioomba Maji

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa adabu, maana wenyewe wanapenda kulitaja wao kila baada ya taarifa ya habari. Katika nchi hiyo mvua ni mgeni wa nadra: inabisha hodi, inaomba radhi, inaondoka bila hata kunywa chai. Kiangazi kikishika, nyasi za Kilima cha Ngao hukauka mpaka zinaanza kusemezana zenyewe, na mwaka haupiti moto usishuke kutoka kilimani kuja kuwajulia hali watu wa mjini.

Watu wa Mtaa wa Kichangani, walio chini kabisa ya kilima, walikuwa na njia yao ya kumpokea mgeni huyo. Njia yenyewe ilikuwa ya kishamba sana, hata naona haya kuieleza: walifagia. Hawakufagia ndani tu. Walifagia uwanja mzima, mbele na nyuma, udongo mtupu, jani likianguka linaondolewa kabla halijajua limeanguka wapi. Karibu na ukuta hawakuweka kuni wala makuti. Mbele ya hapo walimwaga changarawe, kisha wakapanda mishubiri, kisha mikonge kwa kuachiana nafasi, na mpakani kabisa ua wa minyaa, mmea ambao hata ukiushika kwa nia njema unakutemea utomvu. Moto ulikuwa ukifika hapo, unatazama huku na huku, unakosa cha kutafuna, unakwenda zake.

Katika mtaa huo aliishi Bi Siwatu, msusi wa nywele, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi na mdomo uliojua kunyamaza. Aliishi na mama yake, Bibi Mize, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza tangu kitambo. Bibi Mize alikuwa mwanamke wa mwili. Kumgeuza kitandani tu kulitaka watu wawili, na kumtoa nje kulitaka wanaume wanne na dua. Siwatu alijua jambo moja ambalo halikumtoka kichwani hata alipokuwa anacheka na wateja wake: moto ukiingia nyumbani, yeye angeweza kukimbia na mama yake asingeweza. Kwa hiyo alifagia asubuhi na alifagia jioni, na mama yake, aliyelazwa dirishani apate upepo, alisimamia kazi kwa macho.

"Pale nyuma ya mshubiri umeacha majani," Bibi Mize husema.

"Mama, ni mawili tu."

"Moto hauhesabu, mwanangu."

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kishamba, lakini serikali ya nchi ile haipendi kumwacha mtu katika giza.

Siku moja Dakta Kisoma Ndembo, Waziri wa Bustani, Mandhari na Uvumilivu, alirudi kutoka ng'ambo alikohudhuria semina. Wanaosafiri hurudi na nguo au viatu. Yeye alirudi na maneno. Neno lenyewe lilikuwa "bustani stahimilivu". Alieleza pale pale kwenye uwanja wa ndege, akiwa bado na mto wa shingoni, kwamba dunia nzima sasa inapanda mimea inayovumilia ukame, na kwamba nchi yetu, kwa kuwa na ukame bora kuliko wote katika ukanda huu, haina budi kuongoza.

Nakiri kwamba wazo lilikuwa zuri. Mawazo mengi ya nchi ile huwa mazuri yakiwa bado ndani ya ndege.

Yakatangazwa mashindano ya Mmea Stahimilivu wa Taifa. Wananchi wakafurika uwanja wa michezo na vyungu vyao. Kichangani wakamtuma Siwatu na mshubiri wake mkubwa, mmea mnono ambao haukuwa umemwagiliwa tangu mwaka juzi. Majaji, wote maprofesa, waliuzunguka, wakaupapasa, wakaukata jani kidogo. Utomvu ukatoka.

"Hii ni nini?" akauliza jaji mkuu.

"Ni maji yake, Profesa," akajibu Siwatu. "Huyanywa mvua ikinyesha, ukayaweka."

Majaji wakatazamana kwa huzuni. Kwa maneno mengine, mmea huu ulikuwa mlafi na mficha bidhaa. Ukaondolewa mashindanoni. Mkonge ukaondolewa kwa kosa hilo hilo, na mnyaa ukatolewa nje chini ya ulinzi baada ya kumtemea profesa machoni.

Mshindi alipatikana karibu na magharibi. Ulikuwa mti wa Wizara yenyewe, mgunga mdogo uliokuwa umesahauliwa stoo na kufa zamani bila taarifa rasmi. Waziri mwenyewe aliubeba jukwaani mikononi, matawi yake meupe yakivunjika njia nzima.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Mti huu tumeunyima maji mwaka mzima. Umelalamika? Haukulalamika! Umeandamana? Haukuandamana! Umeandika magazetini kwamba bomba halitoi? Thubutu! Nasema hivi: mmea unaokunywa kidogo unavumilia kidogo. Mmea usiokunywa kabisa, huo ndio umevumilia!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mti ukavishwa nishani, tawi lililovishwa likavunjika, nishani ikaning'inizwa kwenye shina. Bi Siwatu alirudi nyumbani na mshubiri wake kwapani.

"Nani kashinda?" akauliza Bibi Mize.

"Maiti, mama."

Bibi Mize akafikiri. "Basi tutaletewa maiti wengine," akasema.

Na kweli. Sheria ya Bustani Stahimilivu ilipitishwa na bunge kwa kauli moja, wabunge wakisimama kimya kuiga mti. Kila kaya ikaamriwa kuzungushia nyumba mimea iliyothibitishwa kutohitaji maji hata tone. Malori ya Wizara yakapita mitaani yakigawa vichaka vikavu, nyasi kavu kwa mafungu na migunga iliyokufa kwa ithibati ya maabara. Vikachomekwa ardhini mpaka kwenye kuta, mpaka chini ya madirisha, maana Waziri alisema mandhari mazuri humkumbatia mwenye nyumba. Kufagia uwanja kukapigwa marufuku kwa sababu kunadhalilisha majani makavu, ambayo sasa yalikuwa mimea ya taifa. Sheria ilitoa ruhusa moja tu: kufagia kwa ajili ya kuupokea msafara wa Mtukufu Kiongozi.

Kisha, kwa kuwa bustani hazikuhitaji tena maji, bomba la mtaa likafungwa. Watu wa Kichangani walipouliza kuhusu maji ya kunywa, Wizara iliwajibu kwa upole kwamba mti umeweza.

Lori lilipofika kwa Bi Siwatu, vijana walishusha shehena ya vichaka kando ya njia wakaenda zao, wakimwambia achomeke mwenyewe. Siwatu alivitazama, akamtazama mama yake dirishani. Kilimani upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Akaingia ndani akachukua ufagio.

Yapasa sasa nimtambulishe Bwana Shomvi, mtendaji wa mtaa. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa moja, alikuwa na cheo kidogo na woga mkubwa. Asubuhi ile alipita kukagua, akakuta nyumba zote zimezungukwa na kuni za taifa, isipokuwa moja. Kwa Bi Siwatu vichaka vilikuwa vimesukumwa ng'ambo ya njia, changarawe zimesafishwa, mistari ya ufagio imenyooka uwanjani, na mwenyewe ameinama anamalizia.

"Bi Siwatu! Unafanya nini?"

"Nafagia, Bwana Mtendaji."

"Kufagia! Mchana kweupe! Hujui kwamba kufagia ni..." Bwana Shomvi akakatika. Akaitazama ile mistari. Akatazama barabara. Katika nchi ile hakukuwa tena na mtu anayefagia ila kwa sababu moja, na mtu mzima mwenye akili zake asingethubutu kufagia hadharani kama hana uhakika. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Dada yangu. Anakuja lini?"

Bi Siwatu aliinuka taratibu, mkono kiunoni. Maisha yake yote hakuwahi kuiongopea serikali, na aliona hata leo si lazima.

"Bwana Mtendaji, mimi ni msusi tu. Kama wewe hujaambiwa, mimi nani nikuambie?"

"Nimeambiwa!" akadakia Bwana Shomvi. "Nani kasema sijaambiwa? Nilikuwa nakupima. Endelea, endelea kufagia. Na pale pembeni, pale... fagia vizuri."

Akaondoka mbio, kofia mkononi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Wilaya. Hakuuliza kama Mtukufu anakuja, maana kuuliza ni kukiri kwamba umeachwa nyuma. Alisema tu, "Mheshimiwa, kuhusu lile jambo la Kichangani, tumeshaanza." Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuwa na habari ya jambo lolote, alijibu kwamba wamechelewa. Kisha akampigia simu Waziri kumpongeza kwa matayarisho. Dakta Ndembo alitoa jasho jembamba, akasema ahsante. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuliza Ikulu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na viongozi wa nchi ile waliheshimu sana wahenga pale walipokuwa hawana uhakika.

Kesho yake Kichangani ilivamiwa. Wakaja maofisa wa Wizara wenye suti na fagio mpya. Wakang'oa vichaka, wakakwangua nyasi hadi kwenye udongo, wakachimbua hata visiki. Mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa. Mkuu wa Wilaya alionekana kwa macho yangu, au tuseme kwa macho ya Mzee Ngoda, jirani wa Bi Siwatu ng'ambo ya njia, akiokota majani makavu kwa vidole viwili. Wanawake wa mtaa walikaa barazani kwa Siwatu wakisukwa na kutazama.

"Shoga, kumbe wanajua kufagia!" akasema mmoja.

"Wanajua," akajibu Siwatu akigawanya nywele. "Ila hawakujua kama wanajua."

Ikabaki shida ya vile vichaka. Kuvitupa haikuwezekana, ni mimea ya taifa. Kuvichoma ni uhaini. Dakta Ndembo akapata ufumbuzi wa heshima: malori yakavipeleka vyote Ikulu, vikaongezwa kwenye Bustani Kuu ya Ustahimilivu, ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye madirisha ya ghorofa ya pili. Mtukufu alifurahi sana. Alisema sasa akiamka haoni jua wala wananchi, anaona sera.

Msafara haukuja siku ile, wala ya pili. Lakini kwa kuwa hakuna aliyejua siku, hakuna aliyethubutu kuacha kufagia. Kila alfajiri maofisa walirudi. Bibi Mize akawazoea, akaanza kuwasahihisha kutoka dirishani, nao wakamjibu "Ndiyo, mama" kama watoto wa chuoni.

Moto ulikuja Ijumaa, baada ya adhuhuri, upepo ukiwa mkali.

Ulianza nyuma ya kilima, wenyewe wanasema kwa radi isiyo na mvua. Kwanza moshi, kisha sauti, kisha ukashuka wote kwa pamoja. Maofisa wa Wizara walitupa fagio zao wakapanda magari. Gari la zimamoto halikupatikana. Lilikuwa kwenye uwanja wa ndege likimfanyia balozi mpya mazoezi ya saluti ya maji. Redio ilitangaza kwamba moto umeingia mjini na kupokelewa kwa utulivu.

Bi Siwatu alikuwa ndani, ameshika mkono wa mama yake. Alikuwa amemburuta kwa mkeka mpaka mlangoni, akashindwa kuendelea, wakakaa pale kizingitini wote wawili, mmoja akihema na mwingine akitulia.

"Nenda, mwanangu."

"Siendi, mama."

"Siwatu, mimi nimeishi. Nenda!"

"Nimesema siendi, na usinipigie kelele!" Alikuwa akilia wazi wazi, kamasi zikimtoka, bila aibu. Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti. Bibi Mize akamwekea mkono kichwani.

Moto ulifika kwenye minyaa. Minyaa ikafoka, ikatoa moshi mzito, ikakauka nusu ikasimama nusu. Cheche zikavuka, zikaangukia udongo mtupu, zikang'aa, zikafa. Nyingine zikaangukia changarawe. Nyumba kwa nyumba, uwanja kwa uwanja, moto ulipita ukingoni mwa Kichangani ukitafuta kuni, na kuni hazikuwepo. Ndipo ukageuka, ukafuata njia ile ile yaliyopita malori, majani yaliyodondoka njiani yakiuongoza, ukala mitaa mingine iliyokumbatiwa na kuni za taifa, ukaenda kule chakula kilikohifadhiwa.

Ikulu iliungua kuanzia ghorofa ya pili kushuka. Wizara ya Bustani, Mandhari na Uvumilivu ilimalizika kabla watu hawajakunja majalada. Kwa rehema za Mungu wote walitoka, wenye vyeo kwanza. Tume iliundwa jioni hiyo hiyo, ikafanya kazi mpaka magharibi, ikagundua kwamba sera haikuwa na kosa: hadi dakika ya mwisho, hakuna hata mmea mmoja ulioomba maji.

Ukabaki mtaa mmoja tu mji mzima uliokuwa salama, umefagiliwa, mawe yake meupe.

Msafara wa Mtukufu Kiongozi uliingia Kichangani kesho yake asubuhi, magari meusi na mengine yaliyokuwa meusi zaidi kwa masizi. Bwana Shomvi alipiga saluti akilia kwa furaha. Akapandishwa cheo papo hapo kwa kuona mbali. Dakta Ndembo alieleza vyombo vya habari kwamba matayarisho yalichukua muda mrefu na yalikuwa siri.

Mtukufu alishuka, akatazama nyumba zote, akapenda ya katikati. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye sauti ya chini.

"Hii ya nani?"

"Yangu, Mtukufu," akasema Bi Siwatu, akipiga goti. "Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nimekaribia," akasema Mtukufu, akaingia.

Hakutoka. Kufika saa sita mizigo yake ilikuwa sebuleni, bendera juu ya paa, na Bwana Shomvi akamweleza Siwatu, kwa huzuni ya kikazi, kwamba nyumba yake imepewa heshima ya kuwa Ikulu ya Muda. Askari wanne walimbeba Bibi Mize na kitanda chake, wakamvusha njia mpaka kwa Mzee Ngoda, mjane aliyekuwa na chumba kimoja cha ziada. Siwatu alifuata na mto na sufuria. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali, na moyo ulimuuma kiasi kwamba hakuweza kunyanyua macho. Watu walimwambia pole. Alisema ahsante.

"Basi tumepoteza nyumba," akamwambia mama yake walipobaki wawili.

"Tumepoteza nyumba," akakubali Bibi Mize. "Niinulie mto kidogo nione nje."

Nje malori yalikuwa yamerudi. Dakta Ndembo alisimama uwanjani kwa Siwatu akielekeza kwa fimbo. Makazi ya Mtukufu hayawezi kukaa uchi, alisema. Lazima yawe mfano kwa taifa. Akawa ameagiza vichaka kutoka mikoani, migunga iliyokufa, mafungu ya nyasi. Changarawe zikafukiwa, mishubiri ikang'olewa kwa ulafi wake. Mimea mikavu ikapangwa hadi kwenye kuta, ikapanda madirishani, ikafunika mlango wa nyuma.

Siwatu akavuka njia mbio. "Dakta, nakuomba. Mwambie Mtukufu hapo ni pabaya. Moto ukija tena hatatoka. Na sisi tuko hapa mbele tu, mama yangu hawezi kutembea!"

"Mama," akasema Waziri kwa upole mkubwa, "jifunze kwa mti."

Siwatu alirudi kwa Mzee Ngoda. Dakika chache baadaye Siwatu alitoka na ufagio, akasimama nje ya ua uliokuwa wake, akaanza kufagia njia. Mzee Ngoda akatoka na wake. Akaja yule shoga aliyekuwa hajamaliza kusukwa, nywele nusu zimesimama. Nyumba baada ya nyumba watu wakatoka, wakainama, wakafagia kuizunguka Ikulu ya Muda pande zote nne, kwa nje, udongo mtupu, bila jani, duara kamili. Yaliyokuwa ndani ya ua hawakuyagusa.

Dakta Ndembo alitoa leso akajifuta macho. Waandishi wakapiga picha. Redio ilisema jioni ile kwamba wananchi wa Kichangani, kwa mapenzi makubwa na bila kuamriwa na mtu, wamemfagilia Kiongozi wao.

Bibi Mize alisikia tangazo hilo akiwa kitandani. Akainua shingo, akaupima kwa macho ule udongo mtupu kati ya dirisha la Mzee Ngoda na vile vichaka, kisha akatazama upepo unavyochezea bendera juu ya paa la binti yake.

"Siwatu!" akaita.

"Abee, mama."

"Waambie waongeze upana."